Mbuzi Wako Anajikuna: Usingoje Mvua Imwoshe

Agosti inapoelekea kwisha, nyasi za wilaya ya Tunduru zikiwa zimekauka na moto wa nyika umeshapita, mbuzi wengi huanza kujisugua. Huyu anajisugua kwenye shina la mkorosho, yule kwenye kona ya nyumba ya tofali, mwingine anajing'ata ubavuni mpaka manyoya yanabaki mdomoni. Ukiuliza, uwe Nakapanya au Matemanga, au kule kusini Nalasi na Lukumbule, utajibiwa kwamba ni kiangazi tu, mvua ikija itawaosha.

Mvua haiwaoshi. Mvua huwarudisha bandani mapema, wakalala wamebanana juu ya samadi mbichi, na ugonjwa uliokuwa kwa mbuzi wawili Septemba huwa umeshaenea kundi zima ifikapo Januari. Ninachotaka ukishike ni hiki: mbuzi anayejikuna akaguliwe ngozi kwanza, na ikionekana ni wadudu, kundi lote litibiwe siku moja, kisha litibiwe tena baada ya wiki mbili. Fedha nyingi za wafugaji hupotelea kwenye sindano moja anayochomwa mbuzi mmoja, yule aliyeharibika zaidi, huku wenzake wanaolala naye wakiachwa.

Tuanze na wasiwasi ambao hauna haja. Si kila manyoya yanayodondoka ni ugonjwa. Baridi ya Juni na Julai humfanya mbuzi aote manyoya marefu kidogo na mazito, na joto linaporudi manyoya hayo hupukutika. Wanyama hupata ishara ya kubadilisha manyoya hasa kutokana na urefu wa mchana. Kaskazini mwa Ulaya, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu mno na wa majira ya baridi ni mfupi mno, farasi wadogo wa Shetland huota koti zito kabisa, na linapodondoka wakati wa majira ya kuchipua hujikuna kwa wiki nyingi. Sisi tuko kwenye nyuzi 11 hivi kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni kama saa moja na robo tu. Kwa hiyo mbuzi wetu hana koti kubwa la kuvua. Akipoteza manyoya mpaka ngozi ikaonekana, usijifariji kwamba anabadilisha manyoya. Kuna jambo.

Manyoya yanayodondoka kwa kawaida hupungua sawasawa mwili mzima, ngozi ya chini hubaki laini, haina unga wala magamba, na manyoya mapya mafupi huonekana yakichipua. Mbuzi wa namna hiyo msaidie kwa brashi ngumu, au hata gunzi la mahindi: msugue kutoka shingoni kwenda mkiani, kufuata manyoya yanakolala. Manyoya yaliyokufa yatatoka, mwasho utapungua, na faida kubwa zaidi ni kwamba mkono wako utakuwa umepita kila mahali. Mfugaji anayewapapasa mbuzi wake kila wiki huugundua ugonjwa mapema kuliko anayewahesabu tu jioni wakiingia.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mkamate asubuhi, jua likiwa limeshatoka vizuri, kabla hajaenda malishoni. Mmoja ashike, mwingine atazame. Anza na uso: puani, kuzunguka macho, kingo za masikio, kisha sikio lenyewe kwa ndani. Halafu shingo, kifua, makwapa, mapaja kwa ndani, chini ya tumbo, na mwisho miguu. Tenganisha manyoya kwa vidole viwili uione ngozi. Dakika tano kwa mbuzi mmoja zinatosha, na mahali mbuzi anapojikuna ndipo panapokuambia anaumwa nini.

Ukurutu, ule ugonjwa mbaya wa ngozi, hupenda kuanzia kichwani. Manyoya huisha kuzunguka macho na puani, masikio huota magamba magumu, kisha ugonjwa hushuka shingoni, makwapani na mapajani. Ukiachwa, ngozi huwa nene na kukunjamana kama ya tembo, inapasuka, na nzi huja kutaga kwenye nyufa. Mbuzi huacha kula kwa sababu muda wake wote unaishia kwenye kujikuna. Anayesababisha ni utitiri mdogo sana, asiyefika nusu milimita, ambaye huwezi kumwona kwa macho. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Mayai huanguliwa kwa siku chache, na ndani ya wiki mbili hadi tatu watoto hao nao wamekuwa wakubwa na wanataga. Hesabu hiyo ya wiki mbili hadi tatu usiisahau, maana ndiyo inayopanga tiba yote.

Chawa ni habari nyingine. Wao huonekana. Tenganisha manyoya kwenye uti wa mgongo, mabegani na shingoni, utawaona wakitembea, na mayai yao meupe yamegandia kwenye nywele moja moja. Ukichana manyoya juu ya kitambaa cheupe utapata ushahidi wa kutosha. Chawa wako wa aina mbili, wanaonyonya damu na wanaotafuna ngozi na manyoya, na tutaona baadaye kwa nini hilo linabadilisha dawa. Hushamiri kiangazi, hasa kwa mbuzi waliokonda.

Vitoto vina adui wao: viroboto. Banda likiwa la kwenye udongo wenye vumbi, viroboto huzaliana humo kwa wingi, na kitoto cha wiki tatu kinaweza kunyonywa damu mpaka kikafa bila kuonyesha kidonda chochote. Vuta kope la chini la jicho. Likiwa jekundu au la waridi, damu ipo. Likiwa jeupe, kitoto kiko hatarini, ama kwa viroboto na chawa, ama kwa minyoo, au kwa vyote pamoja. Kupe sitakaa nao sana kwa kuwa kila mfugaji anawajua. Nitasema tu uwatafute ndani ya masikio na chini ya mkia, wanakojificha.

Kuna magonjwa ya ngozi yanayofanana na ukurutu lakini siyo, na kuyachanganya kunaleta hasara. Choa huleta mabaka ya mviringo yenye unga wa kijivu, mwasho wake ni mdogo, na huambukiza watoto wanaokumbatia vitoto vya mbuzi. Vinundu vilivyofichika chini ya ngozi shingoni na mabegani, ukubwa wa punje ya mbaazi, ambavyo mbuzi hajisumbui navyo, ni utitiri wa aina tofauti anayeishi kwenye mashina ya manyoya. Havina haraka. Wakati wa masika hutokea ukoko mgumu unaoshikana na kishungi cha manyoya, ukiuvuta unang'oka pamoja na manyoya yake na kuacha ngozi mbichi. Hao ni bakteria wanaopenda ngozi iliyolowa, wanahitaji antibayotiki na mahali pakavu, na ukimwogesha mbuzi huyo dawa ya kupe kila wiki unamzidishia kulowa. Vidonda vya magamba kwenye midomo ya vitoto ni virusi, hupita vyenyewe kwa wiki chache, ila usivishike bila glavu kwa sababu mikono yako nayo itaota vidonda. Na ukiona homa, uvimbe wa vipele mwili mzima, makamasi na machozi, hiyo yaweza kuwa ndui ya mbuzi. Hapo usinunue dawa wala kuhamisha mnyama. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.

Ukishindwa kutofautisha, daktari wa mifugo anaweza kukwangua ngozi ukingoni mwa kidonda, mpaka damu itokeze kidogo, na kuitazama kwenye hadubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo Mtwara, na sampuli hufika huko kwa barabara ya Masasi. Ujue pia kwamba kipimo hicho kinaweza kumkosa utitiri aliyepo, kwani wakati mwingine wako wachache na wamejificha ndani. Dalili zikiwa wazi na mbuzi watatu wanajikuna kichwani, daktari mzoefu hatasubiri karatasi.

Kabla ya dawa inayofaa, niseme juu ya zile zisizofaa. Hili linaniuma, kwa sababu mbuzi wanateseka kwa mikono ya watu wanaowapenda.

Ya kwanza ni oili chafu, ile inayomwagwa kwenye gereji za bodaboda. Hupakwa kwa kuamini kwamba inaziba pumzi ya wadudu. Oili hiyo imebeba mabaki ya vyuma na sumu za injini, huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, na mbuzi huilamba. Ngozi iliyopakwa oili juani hupata joto kupita kiasi. Mbuzi akipona baada ya kupakwa, amepona licha ya oili.

Ya pili, na kwa Tunduru ndiyo ya hatari zaidi, ni dawa za mikorosho. Kila kaya yenye shamba ina chupa iliyobaki baada ya kupulizia ubwiriubwiri au mbu wa mikorosho. Nyingine ni za kuua ukungu na hazina kazi yoyote kwa utitiri. Nyingine ni za kuua wadudu, na baadhi yake zina sumu inayoingia kupitia ngozi. Mbuzi aliyepata sumu ya namna hiyo hutoa mate mengi, hutetemeka misuli, huharisha, kisha hushindwa kupumua. Akifikia hapo una dakika chache tu za kumpata daktari mwenye sindano ya kupinga sumu. Najua kuna wazee wanaosema salfa ni dawa ya ukurutu, nao wana msingi: salfa imetibu upele wa watu na wanyama kwa karne nyingi. Lakini iliyotibu ni salfa iliyochanganywa kwa kipimo kwenye mafuta ya kupaka, takriban sehemu moja kwa kumi. Kumwaga unga wa shambani kutoka mfuko usiojua una nini ndani yake, tena karibu na macho na pua, si tiba hiyo. Maji ya tumbaku nayo yaache. Huua chawa, ndiyo, lakini nikotini hupenya kwenye ngozi, na kitoto cha mbuzi hakihitaji nyingi ili kife.

Mwarobaini ni mpole na una nguvu fulani dhidi ya wadudu. Mafuta yake kwenye magamba ya masikio hulainisha na kupunguza mwasho. Yatumie kama nyongeza. Kundi lenye ukurutu uliosambaa halitapona kwa mwarobaini peke yake.

Dawa ambayo wengi watapewa dukani ni sindano ya ivermectin. Watu wa Tunduru wanaijua dawa hii bila kujua kwamba wanaijua. Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyosumbuliwa na usubi, na vidonge vinavyogawiwa vijijini dhidi ya ugonjwa huo ni ivermectin. Ilipatikana kutokana na bakteria wa udongo wa Japani, na wanasayansi Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Kumbuka jinsi mgawa dawa anavyokusimamisha kwenye kijiti chenye alama kabla ya kukupa vidonge. Anakadiria ukubwa wako, kwa sababu kipimo kidogo hakiui mdudu na kikubwa mno kina madhara. Mbuzi naye anastahili kupimwa vivyo hivyo. Dawa ni ile ile, lakini vidonge vyako visiende kwa mbuzi, na sindano ya mbuzi isije kwako kamwe.

Mpime kwa mizani. Mizani ya kuning'iniza inayopimia mazao inafaa kabisa: mfunge mbuzi kwenye gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu, umning'inize, usome. Mbuzi wetu wa asili akishakomaa huwa na kilo 20 hadi 30 hivi, na jicho la mtu hukosea mara nyingi. Kwa dawa ya asilimia 1, kipimo cha kawaida ni mililita 1 kwa kilo 50. Kwa hiyo mbuzi wa kilo 25 anapata nusu mililita, na wa kilo 10 anapata sehemu mbili za kumi za mililita. Viwango hivi vidogo havipimiki kwa bomba kubwa la mililita 10. Nunua mabomba ya mililita 1. Soma chupa uhakikishe ni ya asilimia 1, maana zipo zenye nguvu mara tatu. Mwili wa mbuzi huiondoa dawa hii haraka kuliko wa kondoo, ndiyo maana daktari anaweza kukupandishia kipimo. Mpandishaji awe yeye. Anayechoma pungufu kila mwaka anafuga minyoo sugu bila kukusudia, kwani ivermectin hugusa na minyoo ya tumbo.

Choma chini ya ngozi, pale inapovutika nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele au shingoni. Badilisha sindano. Na siku hiyo hakuna mbuzi anayebaki: beberu, majike, wenye mimba (washike taratibu), vitoto, na yule anayeonekana mzima kabisa. Andika tarehe mlangoni mwa banda kwa mkaa. Baada ya siku 14 rudia kwa wote, maana mayai yaliyokuwa ndani ya ngozi siku ya kwanza yameshaanguliwa, na ukiwapata watoto hao kabla hawajataga umekata uzao. Kundi likiwa limeharibika sana, daktari huongeza ya tatu.

Wiki ya kwanza usikate tamaa ukiona bado wanajikuna. Utitiri waliokufa wamebaki ndani ya ngozi na mwili unaendelea kuwakataa. Wenye magamba mazito waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni siku moja kabla ya sindano, sugua kwa brashi laini mpaka magamba yalegee, uyakusanye uyachome moto. Manyoya mapya utaanza kuyaona baada ya wiki tatu au nne.

Kwa chawa wanaotafuna, sindano haifiki vizuri, kwa kuwa hawanywi damu. Hao, pamoja na kupe na viroboto walio mwilini, wanahitaji dawa ya kuogesha. Inayopatikana sana ni amitraz ya asilimia 12.5, na lebo nyingi huagiza mililita 2 kwa lita moja ya maji, huku kwa ukurutu kipimo kikiweza kuwa kikubwa zaidi. Fuata lebo ya chupa uliyonunua. Wanyweshe mbuzi maji kwanza, wasije wakanywa dawa. Ogesha asubuhi siku isiyo na mvua, ukisimama upande upepo unakotoka, umevaa glavu na kufunika pua. Nyunyiza kinyume cha manyoya mpaka dawa itiririke tumboni, inua mkia, fungua makwapa, na usoni tumia kitambaa ulicholowesha ukikwepa macho. Rudia kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Bomba lililotumika kupulizia mikorosho lisitumike kwa mbuzi hata ukilisafisha mara saba. Maji ya kusuuzia yasimwagwe mto Muhuwesi wala kisimani, kwa kuwa dawa hizi nyingi huua samaki.

Hapa lazima niseme neno juu ya punda. Si wengi katika ukanda huu, na farasi ni wachache zaidi, sababu kubwa ikiwa mbung'o. Mwaka 1866 David Livingstone aliteremka Mikindani na ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa pamoja na ndama wao, nyumbu wawili wa mizigo na punda wanne, akitaka kuona kama watastahimili mbung'o wa bonde la Ruvuma. Wengi walikufa, na kwa kuwa njiani walipigwa na kubebeshwa kupita kiasi, hakujua kwa hakika kilichowaua. Siku hizi wapo watu wanaonunua punda wa kubeba maji na mazao, na punda akijikuna, mwenyewe humgeuzia dawa iliyobaki ya mbuzi. Usifanye hivyo. Amitraz husimamisha utumbo wa punda na farasi, tumbo huziba, na mnyama hufa kwa maumivu makali. Kwa punda mwenye chawa au ukurutu, mwite daktari akupe dawa nyingine.

Mbuzi wametibiwa, sasa banda. Utitiri aliyeanguka kutoka mwilini huishi siku chache juani na pakavu, lakini kwenye kivuli chenye unyevu anaweza kusubiri wiki mbili na zaidi. Siku ya sindano ya kwanza toa samadi yote na matandiko, uipeleke shambani mbali na njia ya mbuzi au uifukie. Kwangua nguzo wanazojisugulia, uzinyunyizie dawa ile ile ya kuogeshea, kisha fungua pande za banda jua liingie. Kama una mahali pengine pa kuwalaza kwa wiki mbili, walaze huko. Majivu sakafuni hukausha na kuwasumbua viroboto, ila hayawezi kuchukua nafasi ya kufagia.

Ninaelewa kwa nini mabanda yetu ni madogo na yamezibwa. Fisi yupo, chui yupo, na mwizi yupo. Lakini ngozi ikigusana na ngozi usiku kucha, utitiri hahitaji safari. Mbuzi mkubwa apewe angalau mita ya mraba moja na zaidi kidogo. Banda lililoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini, lenye sakafu ya mianzi au fito zilizoachana sentimeta moja na nusu hivi, huangusha samadi chini na kuwanyima viroboto pa kuzaliana. Mianzi tunayo. Kazi ni ya siku kadhaa, na kwa maoni yangu ndiyo dawa ya ngozi yenye faida kuliko zote, ingawa haiuzwi dukani.

Chakula nitakigusa kwa kifupi. Mbuzi aliyekonda Oktoba hana ngozi ya kupigana. Majani ya mbaazi yaliyokaushwa kivulini, pumba, mashudu ya ufuta kidogo, na jiwe la chumvi la kulamba vinatosha kumvusha. Mabibo wanayapenda mno. Wape kidogo kidogo, kwani wakiyajaza tumboni kwa mara moja huchacha humo na kuwaua.

Na wewe mwenyewe? Utitiri wa mbuzi huweza kukuletea vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, mahali ulipombeba mnyama. Kwa kawaida huisha vyenyewe mbuzi wakishatibiwa, kwa kuwa utitiri huyo hawezi kuendeleza uzao kwa binadamu. Oga kwa sabuni, fua nguo, zianike juani. Lakini mwasho ukiwa katikati ya vidole, ukizidi usiku, na watu wawili watatu nyumbani wanao, huo ni upele wa binadamu. Nendeni zahanati nyote pamoja.

Kuhusu wakati wa kuanza, watu wengi husubiri fedha ya korosho, minada ya chama kikuu cha ushirika cha Tunduru, TAMCU, ya Oktoba hadi Desemba. Ningekushauri utenge kidogo kutoka kwenye ufuta au mbaazi, ambazo huuzwa mapema, ili dozi zote mbili ziwe zimekwisha kabla ya mvua za kwanza. Na wanaofuga kwa ajili ya Idi ya kuchinja wana hesabu ya ziada. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, jaraba, yaani ukurutu, ni kasoro inayomwondoa mnyama kwenye udhiya, hata ikiwa kidogo. Mnunuzi anayejua dini yake atapapasa masikio na makwapa kabla hajauliza bei. Idi hiyo inatarajiwa mwishoni mwa Mei mwaka 2026 na katikati ya Mei mwaka 2027, kutegemea mwandamo. Lebo nyingi za sindano hii hukataza kuchinja kabla ya siku 28 au zaidi tangu dozi ya mwisho. Jumlisha siku 14 kati ya dozi mbili, upate siku 42, na bado manyoya hayajafunika mabaka vizuri. Aliyeanza Februari ana nafasi. Anayeanza mwishoni mwa Aprili anauza mbuzi ambaye nyama yake bado ina dawa, na hilo ni kosa kwa mnunuzi na familia yake. Hesabu hiyo hiyo iwahusu wanaoandaa mbuzi wa sherehe za jando. Maziwa ya mbuzi aliyechomwa nayo yasinywewe mpaka daktari aruhusu.

Mwisho ni mbuzi mgeni, na hapa ndipo makundi mengi yaliyokwisha kupona huugua upya. Anaweza kuwa amenunuliwa mnadani, ametoka kwa mjomba kijiji cha pili, au ni beberu aliyeazimwa kwa wiki moja. Hata mbuzi wa jirani ni mgeni malishoni, kwa hiyo zungumza na majirani wanaochunga pamoja nawe mtibu siku moja, kitongoji kizima ikiwezekana, na mgawane bei ya chupa. Mgeni yeyote afungwe mbali na banda kwa wiki mbili, akaguliwe uso, masikio na makwapa siku anayofika, na apate dozi yake ya kwanza siku hiyo, ya pili siku anayojiunga na wenzake. Mtoto anayewahudumia alishe mbuzi wa nyumbani kwanza, amalizie kwa mgeni, kisha anawe mikono.